Jibu la Kifungu cha Saba

Waraka ulifika Konde Jumatano,
umekunjwa mara nne, una duara la kikombe cha chai.
Kurasa kumi na moja. Ndoo na sabuni zimepewa tatu,
masoko na misikiti mbili,
maziko ukurasa mzima, na mchoro wake.
Afya ya akili ni kifungu cha saba,
mistari minne, kati ya barakoa na maegesho ya magari.

*Wananchi wajiepushe na hofu.
Wenye mahitaji wapige namba ya bure.*

Nikadhani pana karatasi imebaki ndani.
Nikaipekua bahasha.

Basi najibu, Mheshimiwa, kwa kalamu ya kliniki
iliyofungwa uzi isiibiwe.

Namba ya bure nimeipiga. Mtaani kwa Bi Mgeni
mtandao haushiki mpaka upande ukingo wa birika la msikiti,
na mwanamke hapandi birika la msikiti.
Nilipanda mimi, baada ya Isha, viatu mkononi.
Ukapigwa muziki. Kisha sauti ikaniambia
mimi ni wa kumi na tisa kwenye foleni.
Nikakaa pale juu nikiwaza
hao kumi na wanane wamepanda wapi.

Bi Mgeni huosha sarafu,
halafu huosha maji aliyooshea sarafu.
Hapigi mtu, hapigi kelele. Fomu yenu ina visanduku viwili,
*mtulivu* na *mkorofi*,
na vidole vyake vimechubuka mpaka nyama.

Bango la sheha linasema mficha maradhi kifo humuumbua.
Kweli tupu. Lakini Msuka nilifunguliwa mlango wa uani
nikamkuta Hija Shaame, mguu kwenye mnyororo wa ng'ombe,
tangu kabla ya korona, kabla ya waraka,
kabla sijaajiriwa.
Aliponiona na barakoa alicheka.
Akasema, kama mtu asomaye alichohifadhi:

    *Mwanihimiza nikae, nimekaa siku zote,*
    *mbali watu niambae, nimewaambaa wote,*
    *mkono nisiutwae, sijapewa na yeyote,*
    *karibuni basi nyote, karantini ndiyo kwangu.*

Sikujua niiandike safu gani.

Sasa dawa. Nimezunguka sana kufika hapa.
Sindano ya mwezi: daftarini majina kumi na moja,
kabatini chupa tatu.
Nyengine ziko bandarini Unguja, zasubiri saini.
Kifungu cha saba hakisemi nimchague nani.

Nilichagua.
Mmoja kwa kuwa ana mtoto anyonyaye.
Mmoja kwa kuwa mara ile alipokosa
aliingia baharini na nguo zake, maji yakamfika kidevuni.
Wa tatu, sikufichi, kwa kuwa nyumba yake iko njiani kwangu,
na jua lilikuwa kali,
na nilikuwa nimechoka.

Wanane niliwaambia Inshaallah.
Neno hilo mwaka huu tumelitumikisha kama punda wa chokaa.

Katika hao wanane mmoja tumenyonya ziwa moja.
Sikumchoma, watu wasije wakasema.
Usiku namsikia anafukuza kuku ambao hatunao,
*shii, shii,* mpaka adhana ya alfajiri,
na mama anamsaidia kuwafukuza,
ili wamalize upesi walale.

Asubuhi hunawa, nikavaa sare,
nikaenda kuwafundisha watu wajiepushe na hofu.

Chini ya fomu mmeandika: *Maoni mengine,
yasizidi mistari miwili.* Nimezidisha.
Nikateni mshahara wa wino.

Chupa nane, Mheshimiwa.
Karatasi tunazo.